Sauti kwanza: slaidi zinazosikika hadi nyuma ya ghala

Jua la saa nne asubuhi likishaingia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, projekta ya kawaida ya lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga) haifui dafu. Picha ya ua la mkorosho lenye ubwiriunga (ugonjwa unaofunika maua kwa unga), ambayo usiku ukutani kwangu ilionekana kila chembe, inageuka kuwa ukungu juu ya chokaa. Waliokaa mbele wanakaza macho. Waliokaa nyuma juu ya magunia wanaanzisha mazungumzo yao. Sauti, hata hivyo, haizuiwi na jua. Ndiyo maana nimeacha kuihesabu kuwa pambo la slaidi, na siku hizi nikiandaa somo naanza na sauti, halafu picha, video mwisho.

Kazi yangu ni kufundisha wakulima wa korosho, mkoani Mtwara, zaidi Newala na Tandahimba, mara nyingine Nanyamba. Msimu wa kupulizia tunazungumza ubwiriunga na mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Korosho zikianza kudondoka tunazungumza kuokota, kuanika na kupanga madaraja kabla mzigo haujaingia kwenye stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada. Maarifa yenyewe mengi yanatoka kwa watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Naliendele, pale nje kidogo ya mji wa Mtwara. Wao wanaujua mkorosho. Mimi natakiwa kuhakikisha wanachokijua kinamfikia mama aliyekaa nyuma kabisa, ambaye hakuja na miwani na ambaye ndiye atakayeanika.

Wenzangu huniuliza wapi pa kubofya ili sauti iingie kwenye PowerPoint, programu ya kutengenezea slaidi. Hilo jibu lake ni fupi, nitalitoa. Lakini swali lenye uzito ni sauti gani, ya nani, na ifanye kazi gani pale.

Nianze na kuanika. Unaweza kuandika kwenye slaidi, kwa herufi kubwa kadiri upendavyo, "Anika hadi zikauke vizuri." Kila aliyemo ghalani ana "vizuri" yake, na mnunuzi ana ya kwake. Sasa chukua korosho ghafi zilizokauka sawasawa, zimimine kwenye beseni la bati: zinalia kama kokoto ndani ya kibuyu. Chukua zilizookotwa asubuhi hiyohiyo kwenye umande, zimimine palepale: mlio ni mzito, umekufa. Nilirekodi zote mbili kwa simu, beseni lilelile, kimo kilekile, nikaziweka kwenye slaidi nyeusi isiyo na neno hata moja. Naicheza ya kwanza, nanyamaza. Naicheza ya pili, nanyamaza. Kisha nauliza: ipi unaipeleka ghalani? Hapo hakuna anayehitaji kusoma, na hakuna anayelala. Wanaanza kubishana wenyewe, na ubishi ule ndio somo. Kuna mzee huko Kitangari aliyesimama akasema, "Mwanangu, hiyo ya simu tumeisikia, sasa lete ndoo tusikie ya kweli." Ndoo ikaletwa kutoka kwenye marundo ya chama. Sijui kama kuna slaidi ya maandishi iliyowahi kumnyanyua mtu kwenda kuchukua ndoo.

Wazee wa huku kujifunza kwa kusikia hakuwashangazi. Mwaka 1973 nchi nzima ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi akasoma kutoka kwenye kijitabu, wakajadili, halafu wakaenda kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi. Walioshiriki walifikia takriban milioni 2. Ninapozungumza na akina babu na bibi waliokuwa vijana wakati ule, wanaikumbuka redio yenyewe ilikuwa ya nani na ilikaa chini ya mti gani. Mpangilio wa vile vikundi ndio ninaoufuata ghalani: sauti fupi, kimya, mjadala, kazi ya mikono. Kompyuta imenipa tu uwezo wa kuchagua sauti ya jirani yao badala ya mtangazaji wa Dar es Salaam, na wa kuirudisha nyuma wakitaka kuisikia tena.

Kuhusu sauti ya jirani, ninasema kwa uhakika wote nilio nao: nikisema mimi kwamba kupulizia kwa kuchelewa kunakula mavuno, watu wanaitikia kwa heshima. Akisema bibi wa Mkunya mwenye mikorosho aliyoachiwa na mama yake, kwa Kimakonde chake, akaeleza alichopoteza mwaka aliochelewa, ghala linatulia. Nilikwenda kwake jioni. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Sasa unataka niseme vipi, kama vile redioni?" Nikamwambia aseme kama anavyomwambia mjukuu wake. Alizungumza muda mrefu, nikamchezea yote, na yeye mwenyewe akaniambia sehemu ipi niitumie na ipi niiache kwa sababu inagusa mambo ya familia. Kwangu hiyo ndiyo kanuni: mwenye sauti huisikia kwanza, na akisema hapana basi ni hapana. Nikifika Nanyamba au mahali ambapo wapo Wamakua na wageni wengine, baada ya sauti yake narudia kwa Kiswahili kwa ufupi, lakini kwanza yeye.

Kurekodi hakuhitaji vifaa vya studio. Simu inatosha, ila mahali pa kurekodia pana maana kuliko simu. Newala kuna upepo, hasa mwezi wa sita na wa saba, na upepo ukipiga kwenye kinasa sauti hakuna programu itakayouondoa ukaisha. Kivuli cha mkorosho kinavutia, lakini majani makavu chini yanapiga kelele kila mtu anaposogeza mguu. Chumba chenye bati na sakafu ya saruji kinarudisha mwangwi. Chumba cha kulala chenye godoro, chandarua na nguo zilizotundikwa ni kizuri kuliko ofisi yoyote ya chama, maana vitambaa vinameza mwangwi. Weka simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi isipige moja kwa moja, na uzime mtandao ili mtu asipige katikati. Kabla hajaanza kusema na baada ya kumaliza, acha ukimya wa sekunde mbili tatu. Ukimya huo utakuokoa baadaye, nitaeleza kwa nini.

Programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu nyingi hutoa faili la m4a, na PowerPoint za miaka hii hulipokea bila mgogoro. Mp3 na wav pia. Tofauti ni uzito: wav ya ubora wa CD hula kama MB 10 kwa dakika, mp3 ya kbps 128 hula kama MB 1, na kwenye spika ya ghalani hutasikia tofauti. Sauti zilizotumwa WhatsApp ndizo husumbua, maana kwenye simu za Android huja kama faili la opus ambalo PowerPoint hailijui. Suluhisho ni VLC, programu ya bure ambayo watu wengi wanayo kwa ajili ya sinema tu. Ndani yake kuna sehemu ya "Convert / Save". Unaipa VLC faili la opus, unachagua mp3, umemaliza. Haihitaji bando.

Sasa hapo pa kubofya. "Insert", halafu "Audio", unachagua faili kutoka kwenye kompyuta. Inatokea alama ndogo ya spika katikati ya slaidi, na ukiigusa kinafunguka kichupo cha "Playback". Humo ndimo mambo yote yalimo. "Trim Audio" inakata mwanzo na mwisho bila kuharibu faili lenyewe. Kwenye "Start" mimi huchagua "In Click Sequence", ili sauti ianze ninapobonyeza kitufe kilekile ninachosogezea slaidi. Nikiwa nimesimama katikati ya watu sitaki kurudi mezani kutafuta alama ya spika kwa kipanya. Ukishafanya hivyo unaweza kuificha alama kwa "Hide During Show". "Automatically" naitumia mara chache sana, kwa sababu inaanza kabla watu hawajanyamaza. "Play Across Slides" ina kazi moja nzuri: sauti ya mtu mmoja ikiendelea huku picha zake zikibadilika, shamba lake, mikono yake, marundo yake. Wengine huitumia kutandika muziki chini ya somo zima. Nawaomba waache. Ngoma ina mahali pake na huku Mtwara tunapajua vizuri, lakini ikiwekwa chini ya maelezo ya kipimo cha dawa inamnyima mtu kusikia namba, na namba ikikosewa mti unaungua au ugonjwa unabaki.

Video nina kipimo changu: kilichosimama kipige picha, kinachokwenda kipige video. Ubwiriunga juu ya ua umesimama. Picha ya karibu, iliyopigwa asubuhi kwenye mwanga laini, inatosha, na unaweza kukaa nayo dakika kumi watu wakija ukutani kuonyesha kwa kidole ule unga wa kijivu kwenye machipukizi. Lakini vumbi la salfa linakwenda. Ukipuliza alfajiri, hewa imetulia na umande upo kwenye majani, wingu linapanda, linakaa ndani ya mti, linashika. Ukipuliza jua likiwa limepanda na upepo umeamka, wingu lilelile linaondoka na kwenda kwa jirani, na fedha yako imo ndani yake. Hilo huwezi kulichora kwa mshale kwenye picha. Niliomba vijana wa kupulizia waniruhusu nisimame mahali pamoja, nikachukua alfajiri na nikachukua tena baadaye asubuhi, mti uleule, simu imelazwa, imeegemezwa kwenye panda la mti ili isitikisike. Kila kipande ni nusu dakika au pungufu. Nimeviweka slaidi moja, kimoja kushoto kimoja kulia, cha kulia kikianza cha kushoto kikiisha.

Na vile vipande havina sauti. Nimevizima kwenye "Volume", nikaweka "Mute", maana sauti ya mashine ya kupulizia ilijaa kote na mimi nilitaka kuzungumza juu yake. Watu wengi hawajui kuwa video inaruhusiwa kuwa bubu. Mwenye kuongea awe mmoja: ama video, ama wewe.

Simu nyingi zikirekodi video kwa ubora wa 1080p hutoa zaidi ya MB 100 kwa dakika. Faili la somo likifika huko, kompyuta ya zamani ya chama inaanza kukwama. Kwenye "File", "Info", kuna "Compress Media". Chagua 720p, ubora wa chini kidogo, kwa ukuta wa ghala inatosha kabisa. Fanya hivyo ukiwa umeshahifadhi nakala ya video halisi pengine. Kama video inaonyesha giza au inatoa sauti bila picha, mara nyingi simu imerekodi kwa HEVC, ubanaji mpya ambao kompyuta nyingi huku hazina cha kuufungulia. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uirudishe H.264, ubanaji wa zamani, au ipitishe video kwenye VLC iwe mp4 ya kawaida. Na video ikitumwa WhatsApp kama video inabanwa hadi ule unga kwenye ua haujulikani tena. Mwambie mtumaji aitume kama dokumenti.

Jambo moja dogo ninalolipenda ni "Poster Frame". Unasimamisha video pale picha ilipo wazi kuliko zote, unabofya "Current Frame", na hiyo ndiyo itakayoonekana kabla video haijaanza. Video ikigoma kucheza, umeme ukichechemea, bado una picha nzuri ya kuzungumzia. Kwa mazingira yetu, kila video ninayoweka lazima iweze kufa na somo likaendelea.

Halafu kuna suala la video inayobaki nyumbani. Hadi PowerPoint ya 2007, video haikuingia ndani ya faili. Slaidi ilikumbuka tu ilipo kwenye kompyuta yako, na ukihamishia somo kwenye flashi ulikuwa umebeba anwani bila mwenye nyumba. Tangu toleo la 2010 video inaingizwa ndani moja kwa moja, ila uchaguzi wa "Link to File" bado upo, na masomo ya zamani tunayorithishana maofisini bado yana viunganishi vya namna hiyo. Pia video iliyowekwa kutoka YouTube inahitaji intaneti wakati wa kuonyesha, na kwenye baadhi ya vijiji vyetu huo si mpango. Njia ya uhakika ni kuhamishia faili kwenye kompyuta nyingine, kuzima intaneti, na kucheza kila slaidi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Nalifanya hili siku moja kabla, kwenye mashine ya jirani yangu mwalimu, hata kama somo nimeshalifundisha mahali pengine.

Ghalani penyewe, waya. Waya wa HDMI unabeba picha na sauti pamoja, na Windows ikiuona mara nyingi inahamishia sauti kwenye projekta, ambayo spika yake ni ndogo na inamezwa na ngurumo ya feni. Bofya alama ya spika chini kulia mwa kioo, urudishe sauti kwenye kompyuta, halafu toa sauti kwa waya wa tundu la spika za masikioni hadi kwenye spika yako. Waya wa zamani wa VGA haubebi sauti hata kidogo. Spika za Bluetooth ni nyepesi kubeba kwenye bodaboda, lakini nyingi hujilaza zikikaa kimya, na sauti ikianza zinameza maneno ya kwanza. Hapo ndipo ule ukimya wa sekunde mbili tatu unapofaa: spika inaamka juu ya ukimya, na bibi hakatwi salamu yake. Kama una nafasi ya kuchagua, waya.

Weka spika juu ya meza au juu ya magunia, usawa wa masikio ya waliokaa, isiwe sakafuni, na kama zipo mbili ziwe pembeni katikati ya ghala kuliko zote mbele. Ghala lenye korosho linasikika vizuri kuliko ghala tupu, magunia yanameza mwangwi. Jenereta lipelekwe upande upepo unakoelekea, nyuma ya ukuta, mbali kadiri waya unavyofika. Madirisha yafunikwe kwa turubai. Mwenyekiti wa chama kimoja huko Tandahimba, mjomba mmoja makini sana, sasa anayafunika mwenyewe kabla sijafika, na huweka watoto wa shule mstari wa mbele wakae chini ili wasizibe.

Somo likiisha wapo wanaotaka kwenda nalo. Kompyuta hawana, simu wanazo. Kwenye "File", "Export", "Create a Video" PowerPoint inageuza somo zima kuwa mp4 pamoja na sauti zake na muda wake, na ubora wa chini unatosha kwa kioo cha simu. Sauti ya bibi wa Mkunya nimeitenga pia peke yake kama mp3, dakika mbili na kitu, na kwa idhini yake inasambaa kwenye makundi ya vyama. Vijana wanahamishiana kwa kadi ya simu. Imefika mahali ambapo mimi sijafika.

Na kuna hili ambalo nadhani kila anayeweka sauti za watu kwenye slaidi anapaswa kulijua. Faili la pptx, yaani somo la PowerPoint lenyewe, ni furushi la zip lililobadilishwa jina. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina kutoka pptx kwenda zip, lifungue, ingia kwenye folda ya "ppt", halafu "media". Sauti na video zote zimo humo. Mwaka jana alifariki mzee mmoja ambaye sauti yake, akielezea namna ya kupogoa, ilikuwa kwenye somo la mwenzangu. Simu iliyomrekodi ilishapotea. Watoto wake walikuwa na picha zake nyingi, lakini sauti hawakuwa nayo popote. Tuliitoa kwenye lile somo, dakika nne, jogoo akiwika nyuma yake, tukawapelekea. Binti yake aliomba na kile kipande tulichokuwa tumekikata mwanzoni, anapomwita mtoto alete maji. Kwa bahati kilikuwepo, kwa sababu "Trim" inaficha tu, haifuti. Ila mtu akishapitisha "Compress Media" vile vilivyofichwa huondoka kabisa.

Kwa hiyo kwenye kompyuta yangu kuna folda ya rekodi ghafi ambayo siigusi kwa kukata wala kubana. Kila faili lina jina la aliyezungumza, kijiji, tarehe, na neno "ameridhia" au "isisambazwe". Nakala moja iko kwenye diski ya nje, na nakala nyingine nimempa mwenye sauti au mtoto wake, kwenye kadi ya simu yake mwenyewe.